Naomba ushauri: mdogo wangu ana mimba ya miezi saba, chanjo ya pepopunda kapata moja tu

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu yuko Ukerewe, mimba ya kwanza. Jana nimeshika kadi yake ya kliniki: chanjo ya pepopunda imejazwa moja, mstari wa pili mtupu. Ya pili hufuata baada ya wiki 4, na iwe imechomwa angalau wiki 2 kabla ya kujifungua ili kinga imfikie mtoto. Anasema ya kwanza ilimvimbisha mkono, harudi.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni bibi. Ameshaweka majivu yaliyochanganywa na samadi kwenye kikopo, ya kukaushia kitovu. Ndiye aliyetulea. Nimwelezeje, bila kumvunjia heshima, kwamba vijidudu vya pepopunda hukaa humo humo kwenye samadi na udongo, na kitovu kibichi ni kidonda? Mliowahi kuzungumza na wazee wa visiwani, mlianzaje?