Mrejesho: Marufuku ya simu shuleni, wazazi na walimu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza tuwashirikishe vipi wazazi baada ya shule ya mwanangu kupiga marufuku simu, maana kikao cha kwanza kiliishia kwa kelele. Namshukuru sana aliyeshauri tuanze kwa kusikiliza hofu za wazazi kabla ya kutetea marufuku.

Tukafanya hivyo. Kumbe wengi hawakuwa na ugomvi na marufuku yenyewe. Walitaka kujua watampataje mtoto kukitokea dharura, na nani atalipa simu ikipotelea mikononi mwa shule. Uongozi ukatoa namba ya ofisi inayopokelewa muda wote wa masomo, pamoja na daftari la kusaini simu inapokabidhiwa na inapochukuliwa. Hoja kwamba Ufaransa ilipitisha sheria ya namna hii mwaka 2018 haikumgusa mtu, niseme ukweli. Namba ya ofisi ndiyo iliyotuliza watu.

Wanafunzi nao waliulizwa, wakaomba mipira ya kuchezea wakati wa mapumziko. Wamepata. Sasa baadhi ya walimu bado wanachati darasani, na wazazi wameshaiweka hiyo kwenye ajenda ya kikao kijacho.