Tupeane uzoefu: data haitulii, makundi yako yalikuvurugikia wapi?

Mwana Chumbageni: Jana nimemkuta kijana hapa Tanga kagawa data ya mwaka mzima kwa k-means, njia ya kugawa pointi kwenye makundi kwa wastani wa kila kundi, anasema kamaliza kazi, na data yenyewe inaingia kila dakika. Nikakumbuka yangu, moyo ukanipasuka. Nani mwingine yalimkuta?

Binti Ngamiani: Mimi hapa. Oda za bodaboda. Makundi matano niliyapanga Rajabu, kila pointi mpya inaingizwa kwenye wastani ule ule. Ramadhani ikaingia, mchana kimya, watu wamejaa Ngamiani baada ya tarawehe, ila pointi za zamani ni nyingi mno, kitovu cha kundi hakisogei, ramani inawapeleka vijana Chumbageni saa nne usiku hakuna mtu. Mmoja akaja, tangi limekauka, akaniambia dada leo sijapata hata hela ya daku. Sikulala.

Fundi Sahare: Yamenikuta. Pole sana.

Mzee wa Pongwe: Tumia DenStream, algorithimu ya kupanga makundi kwa data inayoingia mfululizo, ipo tangu 2006. Pointi inavyozeeka uzito unapungua.

Binti Ngamiani: Nilijaribu mzee wangu. Lamda, yaani kasi ya kusahau, niliweka 1 kwa siku, uzito unakatika nusu kila siku, Ijumaa hii ikifika ile iliyopita imebaki 1 kwa 128. Kundi la msikitini linakufa kila wiki!

Mzee wa Pongwe: Punguza lamda, usiilaumu algorithimu.

Fundi Sahare: Akipunguza sana si anarudi kule kule Rajabu? Mzee usimkaripie mwenzio.

Kijana wa Deep Sea: Nyie algorithimu yenu inakumbuka mno ya zamani, mimi yangu ilifuata mno data mpya. Chumba cha baridi cha samaki, joto liwe nyuzi -18. Usiku kompresa ikachoka, joto likapanda kidogo kidogo na kundi la "kawaida" likapanda nalo, maana kila kipimo kiko jirani na kilichopita. King'ora kimya. Alfajiri nafungua mlango, maji mekundu yananiingia kwenye kandambili, pweza wamelegea kama matambara.

Binti Ngamiani: Ya Rabi! Nani alilipa?

Kijana wa Deep Sea: Mimi. Mshahara wa miezi minne.

Mwana Chumbageni: CluStream ya 2003, nayo ni algorithimu ya data inayoingia mfululizo, ingekusaidia, kila kikundi kidogo kinatunza idadi ya pointi, jumla yake na jumla ya miraba yake, na hali za nyuma zinahifadhiwa. Kwenye ya leo unatoa ya jana, unaona kundi limehama kiasi gani.

Mzee wa Pongwe: Yote ya nini? Weka kipimajoto ukutani na mlinzi asilale.

Kijana wa Deep Sea: Hapo nakubali mzee. Sasa kikomo cha king'ora, nyuzi -15, nimekiweka kwenye skripti nje ya algorithimu kabisa, hakihami.

Fundi Sahare: Nitumie hiyo skripti basi, mimi nina pampu ya maji inaanza kuchoka hivyo hivyo.