Mrejesho: Pikapu ya dizeli iliyogoma kuwaka asubuhi Lushoto

Wakuu, niliuliza kuhusu pikapu yangu: ikilala Tanga mjini inawaka fresh, ikilala Lushoto, kule milimani kwenye baridi, asubuhi napiga starta weee, inatoa moshi mweupe tu. Wengi mlisema betri. Betri imesoma volti 12.6, nzima kabisa. Aliyetaja plagi za kupashia moto (zile zinazopasha ndani ya silinda za injini ya dizeli kabla ya kuwasha) ndiye aliyepatia. Fundi kazipima kwa mita, tatu kati ya nne zimekata. Moja ilikuwa imeng'ang'ania, ikabidi aipulizie dawa ya kutu na kuizungusha polepole isije ikakatikia kwenye silinda hedi (kichwa cha injini). Tumeweka nne mpya. Sasa nafungua swichi, nasubiri taa ya koili kwenye dashibodi, ile ya plagi hizo, izime, nawasha, inashika hapohapo. Moshi ule ulikuwa dizeli isiyoungua, siyo gasketi ya silinda hedi kuungua kama nilivyotishwa gereji ya kwanza. Ahsanteni sana.