Nyumba ya Guka: maandishi ya jiwe

Jumatatu

06:14 Dada Nakuru: Hamjambo wote. Fundi wa mawe anataka maandishi ya jiwe la kaburi la babu yetu, Guka, kabla ya Ijumaa, la sivyo anachukua kazi ya watu wengine na sisi tunangoja hadi Agosti. Kila nyumba 2,000. Waliotuma ni Baba Mkubwa Voi na mimi tu. Wengine naona mmesoma mkanyamaza.

06:16 Dada Nakuru: Nimeandika hivi, someni MPAKA MWISHO (kwa watoto: Keya ni lile jeshi la mkoloni, KAR, na Dharura ni hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau):
*Askari wa Keya, Burma 1944. Mfungwa wa Dharura, Embakasi. Mume, baba, mkulima.*

06:52 Kaka Eldoret: 🙏

06:53 Dada Nakuru: Hiyo ni kukubali au ni kutuma pesa?

07:30 Kaka Eldoret: Ni kuamka

07:31 Mpwa Rongai: 😂😂

12:40 Baba Mdogo Thika: Kazi nzuri. Lakini mfungwa, juu ya kaburi? Mtu akipita hapo atadhani mzee alikuwa mwizi. Andika Burma, inatosha. Nishani yake tunayo.

12:44 Dada Nakuru: Baba Mdogo, kwa heshima zote. Hakuiba hata mhindi. Alifungwa kwa kula kiapo na kupeleka chakula msituni. Wakati ule mtu akikutwa na risasi moja tu mfukoni aliweza kunyongwa, na walionyongwa kwa kesi za Mau Mau walipita 1,000. Guka aliponea hapo. Tukificha sisi, nani atasema?

12:50 Mpwa Rongai: Ngoja Aunti. Yaani aliwapigania Waingereza halafu Waingereza haohao wakamfunga?

13:35 Baba Mkubwa Voi: Ndiyo, kijana. Alikwenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Waliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua juu, matope mpaka magotini, malaria kila siku, wakafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Vita vikaisha. Wazungu waliotoka vita hivyohivyo wakasaidiwa na serikali kupata mashamba huku kwenye nyanda za juu. Yeye akarudi kubeba kipande, kile kitambulisho cha kazi, shingoni. Hakuwa peke yake. Waruhiu Itote, yule Jenerali China, naye alikuwa Keya huko Burma. Alishikwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikageuzwa akapelekwa jela ya Lokitaung, akamkuta Kenyatta ndani.

13:37 Mpwa Rongai: Kumbe ndiyo maana ya kwata kabla ya uji

13:38 Kaka Eldoret: Wewe ulisikia tu, sisi tulisimama! Filimbi saa kumi na moja, mstari kwa urefu, kucha mbele. Blanketi isipokunjwa pembe nne hunywi uji

13:39 Binti Mombasa: Na mimi nilikuwa nakata kucha kwa meno nikiwa mstarini 😂

13:41 Kaka Eldoret: Gesi imeisha, pitia kwa Kamau ulete ya kilo 6

13:41 Kaka Eldoret: Samahani, si hapa

13:44 Mpwa Rongai: Leta tu, tupike chapati za kuzindua jiwe

13:58 Dada Nakuru: Jamani. Ijumaa. Maandishi. Pesa.

14:02 Dada Nakuru: Na Baba Mdogo, wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia. Siku unasafiri kwenda masomoni, mkoba mkononi, Guka alikataa kushuka kwenye gari pale uwanja wa ndege wa Embakasi. Akakuaga dirishani. Akasema kokoto za hapa nimezivunja mimi. Uwanja ule ulifunguliwa 1958 na watu wakapanda ndege, wafungwa waliouchimba hakuna anayewataja. Mimi nataka watajwe hata pale penye migomba yetu.

15:20 Baba Mdogo Thika: Nakumbuka. Sijasema ni uongo. Nasema ni kaburi.

19:05 Kaka Eldoret: Basi kama tunaandika yote tuandike yote. Shamba la mtoni lilipimwa akiwa jela. Wakati serikali inaunganisha mashamba, aliyekuwa gerezani alisemewa na nani? Tunajua nani aliweka vigingi.

19:06 Dada Nakuru: Usianze

19:09 Kaka Eldoret: Sijaanza mimi, ilianza zamani. Na 2013 Uingereza ilipolipa wale wazee 5,228 Guka alikuwa ameshatutoka. Hatukupata shamba, hatukupata fidia, sasa tunachangishwa jiwe

20:47 Binamu Karatina: Nimesoma tangu asubuhi. Kila mara mkikutana lazima mfike mtoni. Babu yangu alikuwa homgadi, mlinzi wa upande wa serikali, sijawahi kukana. Mimi nilizaliwa 1979. Nilikuwa natuma mchango wangu usiku huu.

20:48 *Binamu Karatina ameondoka kwenye kikundi*

20:55 Binti Mombasa: Eldoret umefurahi?

21:10 Baba Mkubwa Voi: Shangazi Mkubwa atasomewa haya.

Jumanne

08:22 Shangazi Mkubwa: 🎤 *Ujumbe wa sauti (3:08)*

09:15 Dada Nakuru: Kwa walio kazini nimeandika maneno ya Shangazi kama alivyosema, sijapunguza:

"Nimesomewa. Sikilizeni. Mwaka 1954 nilikuwa na miaka minane. Nyumba yetu ilichomwa mchana, tukahamishiwa kijijini, nyumba zimebanana, mtaro umetuzunguka na ndani yake miti iliyochongwa ncha. Mtaro ule waliuchimba mama zetu. Mama alitoka alfajiri na jembe, na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni wewe wa Thika, ulikuwa hujaacha ziwa. Saa za kwenda shambani zilikuwa chache na chakula kiliisha. Usiku mke wa mdogo wake baba yetu, babu wa huyu wa Karatina, alikuja na unga ameufunga tumboni kama mjamzito. Mumewe alikuwa juu ya mnara na bunduki. Alimwona, akatazama upande mwingine. Shamba alichukua. Unga alitoa. Yote mawili nimeyaona mimi kwa macho yangu, kwa hiyo asinifundishe mtu. Baba yetu aliporudi 1960 nilimwambia yote mawili. Hakujibu. Alichukua jembe akalima kile alichobakishiwa.

Mtoto wa Karatina arudishwe leo. Na jiwe lisichongwe herufi hata moja mpaka nyumba zote mbili mkae hapa kwangu nikiwaona. Mambo ya kaburi hayaamuliwi kwenye simu."

09:40 Binti Mombasa: Tumesikia Shangazi

09:52 Kaka Eldoret: Nimesikia Shangazi. Nitampigia Karatina mimi mwenyewe.

10:03 *Dada Nakuru amemwongeza Binamu Karatina*

11:30 Baba Mdogo Thika: Sikuwahi kuambiwa kwamba nilikuwa mgongoni kwenye mtaro. Mama alifariki bila kunitajia.

11:34 Baba Mkubwa Voi: Alichagua wa kumwambia.

12:10 Dada Nakuru: Nimempigia fundi. Atangoja wiki mbili, lakini anataka nusu ya pesa sasa. Tukae kwa Shangazi Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Nani hawezi?

12:31 Baba Mkubwa Voi: Jumamosi tunapeleka posa ya kijana wetu Taveta. Jumapili baada ya ibada labda.

12:33 Mpwa Rongai: Mimi naweza siku yoyote. Na Alhamisi nitapita Nyaraka za Taifa pale mjini nikaulizie majalada ya kesi za Dharura. Natafuta kwa jina gani, la nyumbani au lile aliloandikishwa Keya?

12:36 Dada Nakuru: Yote mawili. Namba yake ya jeshi iko nyuma ya ile picha ya kofia, kwa Baba Mdogo.

15:02 Baba Mdogo Thika: Nitaipiga picha jioni. Na Nakuru, Embakasi iache kwenye maandishi. Neno mfungwa bado linanikwama, tutalisema kwa Shangazi.

23:48 Binti Doha: Nimetoka zamu sasa hivi ndiyo nasoma. Nimelia kwenye basi. Nimetuma 5,000, zilizozidi ni za yule aliyefunga unga tumboni, naye awekewe hata bamba dogo. Amelazwa wapi?

Jumatano

05:55 Binamu Karatina: Amelazwa kwetu, chini ya mti wa muiri. Hana jiwe.

06:01 Dada Nakuru: Asante kwa kujibu. Utakuja Jumapili?

06:20 Dada Nakuru: Karatina?

07:44 Shangazi Mkubwa: 🎤 *Ujumbe wa sauti (0:04)*

07:50 Dada Nakuru: Shangazi anasema Jumapili ana ushirika wa kina mama mpaka saa nane. Basi ni saa tisa. Baba Mkubwa, utakuwa umetoka Taveta? Na nusu ya fundi imepungua 3,500, nyumba mbili bado.