Tasnifu isipitishwe mpaka watahini waone data ghafi. Mnasemaje?

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtakwimu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwachambulia data wanafunzi wa uzamili. Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu nasikia ombi lilelile: "Mkuu, nisaidie itoke chini ya 0.05." Wanamaanisha thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu iwapo hakuna uhusiano wowote; ikiwa chini ya 0.05, matokeo huitwa "yenye maana kitakwimu". Anayeomba hivyo mara nyingi hana nia mbaya. Ameaminishwa kwamba bila hiyo 0.05 hana utafiti.

Mwaka mmoja mtu aliniletea dodoso 240, zote zimejaa, hakuna swali lililorukwa. Nikachora umri wa waliohojiwa. Watu wa vijijini kwetu ukiwauliza umri, wengi hutaja 30, 35, 40, 50, ndiyo maana data ya kweli huwa na vichuguu kwenye miaka inayoishia na 0 na 5. Yake ilikuwa tambarare. Nikamrudishia pesa yake. Miezi michache baadaye akavaa joho, na katika kamati nzima hakuna aliyeomba kuona hata dodoso moja. Linaniuma mpaka leo.

Sisemi wanafunzi wetu ni waongo kuliko wengine. Uholanzi, profesa wa saikolojia Diederik Stapel alitunga data kwa miaka, nyingine akawapa wanafunzi wake waandikie tasnifu. Waliomfichua 2011 ni watafiti vijana. Hata kosa la bahati mbaya huonekana faili likifunguliwa. Mwanafunzi wa Marekani, Thomas Herndon, aliomba jedwali la wachumi Reinhart na Rogoff kuhusu madeni ya nchi, akakuta nchi tano zimeachwa nje ya hesabu. Mwaka 2013, baada ya hilo na kasoro nyingine kurekebishwa, wastani wa ukuaji wa nchi zenye deni zaidi ya 90% ya pato ulitoka -0.1% ukawa 2.2%. Serikali zilikuwa zimeshatumia ile ya kwanza kutetea kubana matumizi.

Muuguzi wa Kata: Kaka, nilihoji wanaotumia ARV kwenye kata moja. Futa majina yote, lakini mjane wa miaka 44 mwenye watoto saba kata nzima inamjua. Niliwaahidi siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Ahadi yangu nani ataibeba?

Msimamizi: Nina wanafunzi 23. Mafaili yote hayo nayafungua saa ngapi? Mkiongeza fomu, uongo utahamia kwenye fomu.

Mleta mada: Dada, hoja yako naipokea. Ndiyo maana nimesema watahini, sikusema intaneti. Kwa utafiti kama wako faili lisitoke kituoni. Mtahini ndiye aende, aangalie fomu za ridhaa mbele yako, na asimpigie mtu simu.

Mwalimu, huna haja ya kufungua yote. Kwa tafiti za kawaida, mhojiwa aulizwe mapema kama anakubali kupigiwa. Kisha chagua kumi kwa kura, piga: "Uliwahi kuhojiwa? Kuhusu nini?" Ni kazi ya jioni moja. Na hiyo 0.05 iondolewe kwenye masharti ya kufaulu. Swali na mbinu vipimwe kabla mwanafunzi hajaenda uwandani, halafu akirudi na jibu la "hakuna uhusiano", apite. Wale wanaonijia usiku wakiomba itoke, wengi wao walikuwa na data nzuri kabisa.