Tarajali wanne OPD, foleni hadi getini: mnawafundishaje?

Zamu_ya_Jumatatu (Moshi)
Habari za jioni wakuu. Kuanzia wiki ijayo OPD yetu (kliniki ya wagonjwa wa nje) inapokea madaktari tarajali wanne, pamoja na mmoja anayesomea ubingwa wa tiba ya familia. Foleni huanza saa moja asubuhi, ikifika saa nne watu wako getini. Wakija kuuliza kwa kila mgonjwa, hatumalizi. Wakiachwa peke yao, dawa zitaandikwa ovyo. Naomba utaratibu unaofanya kazi, semina tumeshahudhuria za kutosha.

Kahawa_Chungu
Mkuu, kinachokula muda ni namna wanavyokuletea mgonjwa. Tarajali anasimama mlangoni: "Mama wa miaka 45, homa siku nne, viungo vinauma..." halafu kimya. Hapo anasubiri wewe ufikiri kwa niaba yake. Usimjibu. Muulize: "Wewe unaona ni nini, na unataka kumfanyia nini?" Akishataja: "Kipi kimekufanya useme hivyo?" Pengo lake utaliona hapo hapo. Mpe kanuni moja, narudia moja, kisha mwambie alichopatia na alichokosea kwa kukitaja. "Umefanya vizuri" haimfundishi kitu; "umekumbuka kuuliza maziwa mabichi" inamfundisha. Hazifiki dakika tano. Mtindo huu uliandikwa mwaka 1992 na walimu wa tiba ya familia huko Marekani, kwa kliniki zenye haraka kama yenu.

Na homa ndiyo pa kuanzia. Hapo hapo Moshi, 2007–2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa walipimwa kwa kina maabara. Walioandikiwa malaria walizidi 500. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Basi kanuni ya siku ya kwanza iwe hii: kipimo cha malaria kikitoka hasi, uliza mifugo. Nani anakamua, nani alichinja, nani alizalisha ng'ombe, maziwa yanachemshwa? Brusela, leptospira na homa ya Q (magonjwa yatokayo kwa wanyama) hazijitokezi zenyewe kwa daktari asiyeuliza.

NesiMkongwe_Arusha
Daktari, nakubaliana nawe ila umeruka kitu. Maelezo ya mlangoni yametoka kwenye uchunguzi ambao hukuuona. Kila siku chagua tarajali mmoja, kaa kwenye kona ya chumba chake dakika 15, funga mdomo. Chukua mfano wa kupima presha. Mzee ametoka kupanda ngazi, anaongea, mkono unaning'inia, na mkanda mdogo umefungwa juu ya sweta (Arusha mwezi wa saba nani hana sweta?). Yote hayo yanaharibu namba, na mengi yanaipandisha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene ndio mchawi mkubwa.

Inavyotakiwa: akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, mpira wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Pima mara mbili, upishanishe dakika moja. Mzee akishaanzishiwa vidonge kwa sababu ya mkanda, ni nadra apatikane wa kumwachisha.

Wodi_ya_Wazazi
OPD ni mchana. Hao hao usiku wako leba, na kifafa cha mimba hakingoji bingwa aamke. Wafanyishe mazoezi ya magnesiamu salfeti (dawa ya kuzuia degedege lake) kwa bomba la sindano na maji matupu, wakitamka kila hatua kwa sauti.

Kwanza asome ampuli, maana ujazo unatofautiana. Ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5. Dozi ya kuanzia mshipani ni gramu 4: avute mililita 8, aongeze mililita 12 za maji ya sindano, apate mililita 20 za asilimia 20, asukume taratibu kwa dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 kila tako, na mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 katika kila bomba. Kosa la hatari ni kusukuma ile ya asilimia 50 mshipani bila kuichanganya.

Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, tako kwa zamu. Kabla ya kila moja ahakikishe pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa linaruka, mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, asichome. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kupunguza nguvu ya magnesiamu ikizidi, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe kwenye trei. Ikiwa stoo na mwenye ufunguo amelala, ni sawa na haipo.

Zamu_ya_Jumatatu (Moshi)
Shukrani sana wakuu. Na huyu wa tiba ya familia naye apite humo humo?

Kahawa_Chungu
Hapana. Yeye ndiye tarajali wamwendee kwanza, wewe ukae pembeni umsikilize anavyouliza. Na apewe wagonjwa wake wa kudumu wa kisukari na presha, tarehe zao za kurudi ziangukie siku zake za kliniki, aone dawa aliyobadilisha imefanya nini baada ya miezi mitatu. Waambie mapokezi mapema na faili ziwekwe alama, la sivyo wagonjwa wake watagawanywa vyumba vyote kabla hajavaa koti.