Jike mzee anamngurumia mtoto wa mbwa: achapwe au waachwe wazoeane?

MamaSahare (Tanga):
Wakuu, habari za humu. Nyumbani tuna jike koko wa miaka 9, mlinzi wetu. Mchana anafungwa mnyororo chini ya mwembe, usiku anaachiwa uani. Ijumaa kaletwa mtoto wa mbwa, dume wa wiki 9. Huyu mdogo hana adabu kabisa: anamning'inia mwenzake masikioni, anamfuata hadi anapolala, na wakati wa kula anatumbukiza kichwa kwenye sinia lilelile. Mkubwa ananguruma, na jana kwenye chakula alimrushia meno. Jeraha hakuna, ila yowe lilisikika mtaa mzima. Baba watoto anasema mkubwa achapwe akome. Jirani anasema waacheni, watazoeana wenyewe. Nani yuko sahihi? Mdogo kachomwa chanjo moja tu, kadi ninayo.

Mfugaji_Pongwe:
Dada, hapo hakuna aliye sahihi, ila fimbo ndiyo mbaya zaidi. Kunguruma ni onyo. Ukimchapa kwa kutoa onyo, atajifunza kunyamaza, na siku nyingine ataanzia kwenye meno bila wewe kusikia chochote. Tena ataona kila huyu mdogo akisogea, fimbo inafuata, na chuki itazidi.

Kosa kubwa ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, akichokozwa kinachobaki ni kung'ata. Geuza mambo: anayefungiwa awe mdogo, na mkubwa awe huru kuondoka. Tafuta wavu wa chuma wenye matundu ya inchi 1, kimo futi 3, uzungushe kwenye vigingi eneo la mita 2 kwa 2, kivulini. Wavu mwepesi wa kuku ataukunja kwa meno, na matundu ya inchi 2 atapitisha kichwa akwame. Kwa uani penye mchanga, ufukie shubiri moja chini ya ardhi, la sivyo atachimba atoke. Zizi lisiwe jirani na mwembe. Pale ni pa mkubwa, paendelee kuwa pake. Yeye atakuja kunusa kwenye wavu akitaka na ataondoka akichoka, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Chakula kitenganishwe leo hii. Masinia mawili, mmoja nyuma ya nyumba, mwingine ndani ya zizi, wasionane. Mdogo ale mara 4 kwa siku hadi miezi 3, kisha mara 3 hadi miezi 6. Mkubwa mara 2 zinamtosha. Baada ya dakika 15 toa masinia yote hata kama ugali na dagaa vimebaki, maana makombo ndiyo yanayoleta vita saa mbili baadaye wakati nyinyi hamko. Mifupa vivyo hivyo, msiitupe uani. Ile ya kuku iliyopikwa msiwape kabisa, inavunjika kwa ncha kali na kuchoma utumbo.

Kuwakutanisha: watu wawili, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba, mtembee upande mmoja mkiachana mita 5 au 6. Wasielekezwe uso kwa uso. Dakika 10 zinatosha. Mkiona mkubwa kalegea na mkia unacheza, punguzeni umbali kidogo kidogo. Kule ufukweni Raskazone asubuhi ni pazuri, watu wakishatoka msikitini na jua halijawa kali.

DaktariMifugo_Muheza:
Mfugaji kasema vyema, ila Raskazone hapana, si kwa mtoto wa wiki 9 mwenye chanjo moja. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi na mbwa wanaozurura wanapita kila mahali. Chanjo zake zinarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Kabla ya hapo mkutanishe kwenye ua wa jirani asiyefuga mbwa, au mwende naye amebebwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa achomwe akifika miezi 3, na mkubwa kama amepitisha mwaka bila chanjo hiyo, achomwe naye sasa. Dawa ya minyoo mdogo apewe kila wiki 2 hadi afike wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Hiyo ni kwa usalama wa watoto wanaocheza uani pia.

Sasa mkubwa. Miaka 9 si haba. Kabla ya kusema ana hasira, mchunguze maumivu. Anaamka kwa kujivuta? Anachechemea asubuhi? Anatafuna upande mmoja? Angalia ncha za masikio kama zimeliwa na nzi, kwa sababu mtoto akining'inia kwenye sikio lenye kidonda, mbwa yeyote atarusha meno. Funua mdomo uone ufizi. Ukiwa umepauka na mbwa hali chakula vizuri, fikiria homa ya kupe, na hiyo inataka daktari. Msimpe dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa la watu, zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe usimpake mtoto wa mbwa, uliza duka la mifugo dawa inayofaa umri wake.

Jambo jingine, na hili si la kuahirisha: mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anang'ata bila sababu, anatoa mate mengi au anashindwa kumeza, msimguse, huenda ni kichaa cha mbwa, mwiteni daktari wa mifugo. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Hali uliyoieleza haifanani na hiyo, huyu anatetea sinia.

Bahari_Chumbageni:
Nami niongeze namna ya kusoma dalili, maana wengi wanasubiri muungurumo na muungurumo huja mwishoni. Mkubwa huanza kwa kugeuza uso, kulamba pua, kupiga miayo hana usingizi. Kisha anakakamaa na weupe wa jicho unaonekana. Mwondoe mdogo hapo. Mwache akiburuta kamba ya mita 2 unapokuwepo, ili umvute bila kuingiza mkono katikati.

Ukitaka kujua kama wanacheza au anaonewa, mshike mdogo kidogo. Mkubwa akimfuata mwenyewe, walikuwa wanacheza. Akitumia nafasi hiyo kuondoka, alikuwa amechoka naye.

Mdogo anahitaji kulala saa 18 au zaidi kwa siku. Akikosa usingizi anakuwa kama mtoto wa kibinadamu aliyekosa wa mchana, anang'ata kila kitu. Akae nje kwa muda wa saa moja, kisha zizini kwa muda wa saa mbili, ndivyo anavyotulia.

Wakishikana kweli, msimshike yeyote shingoni, mtang'atwa nyinyi. Ndoo ya maji usoni, au ubao usukumwe katikati yao.

MamaSahare:
Asanteni sana. Mnyororo umetoka leo, masinia yako mbali. Swali la mwisho: usiku tunafanyaje? Na wakikua, dume na jike pamoja, si watazaana?

DaktariMifugo_Muheza:
Usiku mdogo alale zizini au ndani, mkubwa aendelee na lindo lake. Msiwaachie pamoja bila mtu hadi mdogo afike kama miezi 6 na mmeona wiki kadhaa bila ugomvi. Hata hapo masinia yabaki mbalimbali.

Kuzaana, ndiyo, tena mapema kuliko mnavyodhani. Dume anaweza kupandisha akiwa na miezi 6, na jike hakomi kuingia joto kwa sababu ya uzee. Mimba kwa jike wa miaka 9 ni hatari kwake. Dume ahasiwe karibu na miezi 6, na akishahasiwa atengwe na jike wiki 6 zaidi, kwa sababu mbegu zilizobaki bado zinaweza kutia mimba. Kama jike akiingia joto kabla ya hapo, utamwona sehemu ya uzazi imevimba na inatoa damu. Atengwe wiki 3 kamili nyuma ya mlango wa mbao. Wavu hautoshi.